Hodi ya Tatu

Injini ya kwanza kufa mbele ya macho ya Wande ilikuwa imezibwa sikio. Aliyeliziba ni Fundi Maganga, mtu aliyemfundisha Wande kushika spana, na alitumia nta ya nyuki na kipande cha soksi. Lori lilipanda mlima Sekenke na shehena ya mtama, kimya kama lililoombewa dua, na kwenye kona ya sita pistoni mbili zikayeyuka kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya karai. Siku hiyo Wande aliweka nadhiri mbili. Hataziba sikio la injini hata akishikiwa panga. Na Sekenke ataupanda.

Kila mtu alimwambia kwamba nadhiri hizo mbili haziivi chungu kimoja. Ndiyo maana asubuhi ile Mkaguzi Lyanga wa Baraza la Injini alikuwa amesimama ndani ya gereji yake pale Shelui, kijiti cha lakiri ya kupigia muhuri mkono mmoja, kiberiti mkono wa pili, akilitazama gari la wagonjwa kama mtu anayetazama ng'ombe mwenye ugonjwa.

"Nani amekutuma utie maji kwenye injini?"

Wande alitazama viatu vyake. Alikuwa mtu wa kusema na vyuma kuliko kusema na watu. Shule aliiachia darasa la tano, na tangu hapo kila aliposemeshwa na mwenye kalamu mfukoni, ulimi ulimlala.

"Hakuna."

"Hakuna nani?"

"Hakuna aliyenituma."

"Binti, hata mtoto anayenyonya anajua maji yanaua injini."

"Maji ya kumwaga ndiyo yanaua," Wande aliviambia viatu. "Haya ni umande."

Lyanga alicheka puani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezika injini nyingi. Tangu viwanda vya ng'ambo vizime tanuri zao, injini ilikuwa haizaliwi tena, iliyokufa imekufa. Wilaya nzima ilibakiwa na kumi na moja, kila moja na namba yake kwenye daftari la Baraza, kama wazee wa ukoo. Betri za magari ya kimya walikuwa nazo watu wa mijini, na joto la bonde la Wembere liliziua kabla madeni yake hayajalipwa. Hivyo Baraza likaifungia kila injini Sikio: kidude cha ukubwa wa yai la kanga, kimekazwa kwa boliti ubavuni mwa injini, kazi yake kusikiliza.

Mafuta yaliyobaki yalikuwa ya mifuko, yaani plastiki iliyopikwa ikageuka petroli, nayo ilikuwa na hasira za karibu. Gari likibebeshwa mzigo na mlima, mafuta hulipuka ndani ya silinda kabla hayajaamriwa, na injini hugonga, mlio wa kokoto ndani ya kopo. Sikio likisikia, huwasha taa nyekundu mbele ya dereva. Watu waliiita hodi. Hodi ya kwanza onyo, ya pili onyo. Ya tatu, Sikio hukata mafuta na gari husimama lilipo, na ufunguo uko makao makuu, mwendo wa siku tatu. Ni kama mgeni mlangoni: akibisha mara tatu asiitikiwe, anageuka anarudi zake.

Sekenke, na kona zake kumi na mbili, hakuna gari lililoupanda kwa hodi mbili.

"Weka mkono hapa," Wande alisema. Akawasha injini, akamwonyesha bomba linalotoka kwenye tabo, kile kifeni kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Akakanyaga mafuta. Lyanga aligusa, akauondoa mkono haraka.

"Moto."

"Umewahi kujaza upepo baiskeli? Pampu inachemka. Hewa ukiibana inakasirika. Sasa hii hewa iliyokasirika inakutana na mafuta ya mifuko yaliyokasirika. Lazima wagombane." Alikuwa ameanza kusema haraka, kama ilivyokuwa kawaida yake akishika chuma. "Sasa tazama."

Nyuma ya kiti cha abiria palikuwa na bomba la mgongoni la kupulizia dawa kwenye pamba, la lita kumi na tano, limefungwa kwa mpira. Wande aliushika mpini wake akaupiga juu chini mara kadhaa, akakanyaga mafuta tena. Kilango kidogo kilifunguka kwa nguvu ya tabo, na ndani ya bomba la hewa kukasikika mnong'ono: nozeli ya shaba ikipuliza ukungu.

"Gusa tena."

Lyanga aligusa. Mkono ukakaa.

"Ule ukungu unakula joto. Mlipuko unangoja zamu yake. Injini haigongi kwa sababu haina sababu ya kugonga," Wande alisema. "Wengine wanaziba Sikio ili lisisikie. Mimi nataka lisikilize mpaka lichoke."

"Na hayo maji?"

"Ya mvua tu, nimechuja kwa kitambaa mara tatu. Tundu la nozeli ni dogo kuliko jicho la siafu."

Lyanga aliufuta mkono kwenye suruali. Kisha akavuta karatasi mfukoni, kwa sababu karatasi ilikuwa na kifungu, na kifungu hakikuwa na mkono wa kugusa bomba. *Kitu chochote kisicho mafuta kikiingizwa kwenye injini, injini hiyo itapigwa lakiri na fundi wake hatagusa injini nyingine.* Akawasha kiberiti. Lakiri ilianza kutoa machozi mekundu.

Hapo ndipo redio ya ukutani ilipokohoa. Ilikuwa sauti ya mkunga wa Mwabugalu, kijiji kilichokaa katikati ya bonde. Holo, mke wa mwana wa Mama Nyanzala, alikuwa na uchungu tangu alfajiri, mtoto amelala kwa upana, na damu imeanza. Lazima afike chumba cha upasuaji. Chumba cha upasuaji kiko juu ya Sekenke.

Wote wawili walijua maana yake. Gari lingemfikisha chini ya mlima, na kutoka hapo angebebwa kwa machela, saa tano za kupanda. Mwaka uliopita walibebwa watu tisa. Wanne walifika.

Wande alifunga boneti, akaingia nyuma ya usukani.

"Binti, sijamaliza."

"Panda, utapigia lakiri humu garini," Wande alisema, na kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Mimi ninaondoka."

Tone la lakiri lilianguka kwenye sakafu ya gereji, bure. Lyanga alipanda gari akikimbia, mguu mmoja bado nje.

*

Nyumba ya Mama Nyanzala ilikuwa mwisho wa mchanga mzito. Injini ilinguruma njia nzima kwa gia ya pili, tabo ikilia, Wande akipiga mpini kwa mkono wa kushoto, na ukungu ukala robo tatu ya maji ya bomba. Taa zote tatu za hodi zilikuwa zimezima. Lyanga alizitazama taa hizo muda wote kama paka anayetazama tundu la panya.

Wande aliposimama mlangoni alishusha dumu lake la akiba, lita ishirini za maji ya mvua, akamimina nusu kwenye bomba. Nusu aliyobakiza ilikuwa ya mlima. Akaliacha dumu kizingitini akakimbilia ndani kusaidia kumbeba Holo.

Holo alikuwa mdogo kuliko yeye. Alikuwa ameuma upindo wa khanga, macho yamezama. "Dada," alimwambia Wande, "hilo gari linapanda?"

"Linapanda."

"Usinidanganye."

"Sijui kudanganya. Sijazoea kuongea."

Holo karibu acheke, uchungu ukamkatiza.

Mama Nyanzala, mwanamke mnene mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe, alikuwa akizunguka uani akikusanya kila kitu: khanga tano, chupa ya uji, kikapu kilichofunikwa. Katika kuzunguka kwake aliliona dumu kizingitini, limepungua nusu. Aliguna. Mgeni amekuja kumwokoa mkaza mwana wake, aondoke na chombo pungufu? Watu wangesema nini? Kwao sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa mboga unarudisha hata karanga. Akalibeba mpaka kisimani akalijaza pomoni, maji bora ya Mwabugalu, akalifunga kifuniko na kulipandisha garini mwenyewe. Hakumwambia mtu, kwa kuwa jambo jema halitangazwi.

Chini ya mlima Wande alipunguza mwendo. Jua lilikuwa utosini, saa mbaya kuliko zote, mawe ya Sekenke yakipumua joto kama mdomo wa tanuri.

"Mama," aliita nyuma bila kugeuka, "hilo dumu lote, mimina kwenye bomba."

"Nimemimina, mwanangu! Limejaa mpaka linatapika, mengine yamebaki dumuni!"

Wande alisikia neno *limejaa*, likampita. Macho yake yalikuwa kwenye kona ya kwanza.

*

Kona tatu za mwanzo zilikuwa tamu kiasi cha kuogopesha. Mama Nyanzala alipiga mpini wa bomba kutoka nyuma kama mtu anayetwanga, Holo akiwa ameegemea paja lake, na injini ikaimba. Lyanga alishika kalamu akasahau kuandika. Hakuwahi kufika hapa ndani ya gari.

"Haigongi," alisema.

"Haina sababu," alisema Wande.

Kwenye kona ya nne ikapata sababu. Kokoto mbili ndani ya kopo. *Tika-tika.* Taa ya kwanza ikawaka.

"Pampu, mama! Ongeza!"

"Ninapampu! Mpini umekuwa mgumu, unanirudisha!"

Mpini mgumu. Maji hayatoki. Wande alipunguza mafuta, akatambaa kwa gia ya kwanza, kona ya tano ikapita kwa huruma. Mbele yao ikatokea ya sita, na pembeni yake, ndani ya majani, kutu ya lori la Fundi Maganga. *Tika-tika-tika.* Taa ya pili.

Wande alikanyaga breki. Akavuta breki ya mkono, akazima injini, na kimya kikaingia garini kama mtu wa tano.

"Umesimama?" Lyanga alisema. "Umesimama hapa?"

"Hodi mbili."

"Naona hodi mbili! Washa!"

Nyuma, Holo alitoa sauti ambayo haikuwa kilio wala neno. Mama Nyanzala aliinua mkono wake, ukiwa mwekundu mpaka kwenye kifundo. Lyanga aliutazama mkono ule.

"Sikiliza," Mkaguzi alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nyuma ya dashibodi kuna waya wa kijani. Huo ndio mshipa wa Sikio. Ukate."

Wande alimgeukia polepole.

"Najua nilichosema. Ukate! Nitasema ulikatika wenyewe. Karatasi ni yangu, kalamu ni yangu. Mtu anakufa, binti!"

Mkono wa Wande ulikuwa tayari chini ya dashibodi. Hilo hakulificha kamwe alipolisimulia baadaye. Vidole viliukuta waya wa kijani, mwembamba kama uzi wa khanga, na mfukoni mwake koleo ilikuwepo. Kuukata ni kufumba na kufumbua. Taa zingezima. Gari lingepanda kimya, kama lile la Maganga, labda kona moja, labda sita. Nani ajuaye? Pengine Mungu angeshikilia pistoni kwa mkono wake kwa ajili ya Holo.

Na kama asingezishikilia? Holo angekufa hapahapa, na pamoja naye gari pekee la wagonjwa la vijiji arobaini. Kesho angekuwepo Holo mwingine, wiki ijayo mwingine, na wote wangebebwa mabegani. Aliye nyuma yako akilia ana uso na jina. Wa kesho hana uso, hivyo ni rahisi kumuua. Wande aliliona hilo wazi kama tundu kwenye silinda, na alilichukia, maana lilimtaka amwambie hapana mtu anayekufa.

"Sikati," alisema.

"Wewe! Asubuhi ulikuwa unaipigania sheria ivunjwe, sasa mimi mwenye sheria nakupa ruhusa…"

"Sheria yako ya maji ni ujinga. Sheria ya Sikio ni kweli." Safari hii sauti haikurudi ndani. "Injini inasema inaumia. Nikiiziba mdomo haiponi, mkaguzi. Inakufa bila kusema."

"Na huyu je?"

"Huyu nitampandisha. Washa taa za miguu yako, usinikanyagie spana."

"Taa za miguu gani?"

"Macho!" Wande alifoka, akaruka nje.

Alifungua boneti kwa upindo wa gauni. Nozeli aliifungua kwa spana namba kumi, ikamuunguza vidole, akaishika kwa upindo huohuo na kuiinua juani. Lile tundu dogo halikuwepo. Mahali pake palikuwa na utando mweupe, mgumu, kama ukoko wa maziwa. Aliugusa kwa ncha ya ulimi.

Chumvi.

Alirudi garini, akafungua kifuniko cha bomba, akachota kwa kiganja, akaonja na kutema. Maji ya Wembere, yenye chumvi na magadi, yale yanayoifanya chai ya kule iwe na ladha ya mchuzi.

"Nani amegusa dumu langu?"

Mama Nyanzala aliinua uso. "Lilikuwa nusu," alisema kwa upole. "Chombo cha mgeni hakirudi kitupu, mwanangu, wala hakirudi nusu. Nimekuwekea ya kisima chetu, yale ya katikati, yaliyotulia."

Lyanga alishika kichwa. Wande alifungua mdomo kupiga kelele, akamwona mama yule ameshika mkono wa Holo, uso umejaa fahari ya mtu aliyetenda jema, akaufumba.

"Asante, mama," alisema. "Yamefika."

Aliitia nozeli mdomoni na kuimumunya kama pipi. Mate ni maji yasiyokwisha, na chumvi huyeyuka kwa anayevumilia. Alinyonya, akatema, akanyonya, akapuliza, huku akimwaga lita zote za kisima kwenye mawe ya Sekenke, yakafuka mvuke. Mwishowe upepo mwembamba ukapita ukipiga mluzi. Nozeli ilikuwa safi. Bomba lilikuwa tupu.

"Maji ya mvua yako wapi sasa?" Lyanga aliuliza. "Kwenye mbingu hii? Kwenye uji? Hata dripu ya hospitali ina chumvi, nilisomea."

Wande aliinua pua. Alikuwa akinusa. Tangu waondoke Mwabugalu kulikuwa na harufu ndani ya gari, akaidhania mafuta ya mifuko. Sasa injini ilikuwa imezima, na harufu bado ilikuwepo, kali, ya ndizi zilizooza na moshi. Ilitoka kwenye kikapu.

"Mama, kikapuni kuna nini?"

"Khanga."

"Chini ya khanga."

Mama Nyanzala alimtupia Mkaguzi jicho. "Dawa ya mgongo."

"Ya kupaka au ya kunywa?" aliuliza Lyanga, ambaye hata kwenye msiba pua yake ilikuwa ya kiserikali.

"Inategemea mgongo wenyewe."

Ilikuwa galoni mbili za gongo, safi kama kioo. "Nitaendaje kwa watu mikono mitupu?" Mama Nyanzala aliuliza, sasa kwa ukali. "Wampasue mwanangu, mimi niseme asante kwa mdomo tu? Haya, nifunge! Nifunge tukifika!"

Wande alikuwa ameshamimina kifuniko kimoja. Alionja, akakunja uso, macho yakamtoka machozi. Kisha akacheka, kicheko kifupi ambacho hakuna aliyewahi kukisikia kwake.

"Mama, unaipika vipi?"

"Kama watu wote. Pombe inachemka, mvuke unapita kwenye mrija, unapoa, unadondoka."

"Na uchafu?"

"Unabaki chunguni, si lazima?"

"Na chumvi?"

"Inabaki chungu…" Mama Nyanzala aliitazama galoni.

Gongo ni mvuke uliorudi duniani. Maji yake yamepaa yakaacha chumvi chini, hivyo ni safi kama ya mvua. Na nusu ya pili, kileo chenyewe, huteka joto haraka kuliko maji, ndiyo maana likimwagika mkononi unahisi baridi. Wande hakuwa amelisoma mahali popote. Alilihisi kwenye ulimi na kwenye vidole vilivyoungua, vikapata nafuu gongo lilipovigusa.

"Hiyo ni haramu," alisema Lyanga, bila nguvu.

"Nayo si mafuta," alisema Wande akimimina galoni ya kwanza ndani ya bomba. "Andika yote mawili. Lakini kwanza hamia nyuma ya kiti chako. Mama amshike mgonjwa. Wewe utapampu."

"Mimi?"

"Una mikono miwili na kalamu moja. Weka kalamu."

Mkaguzi Lyanga wa Baraza la Injini aliitazama kalamu, akamtazama Holo. Akaisokomeza kalamu nyuma ya sikio, akakunja mikono ya shati, akashika mpini.

Injini iliwaka. Wande aliisikiliza kwa nyayo, kwa makalio, kwa meno. Taa mbili zilikuwa bado nyekundu. Sikio husahau baada ya siku nzima tu. Hodi moja ilibaki. Akaachia breki ya mkono, akakanyaga mafuta, na tabo ikapandisha sauti.

Kona ya sita. Lori la Maganga likapita dirishani na kutu yake.

"Pampu, mkaguzi!"

"Ninapampu!"

"Pampu kama unaidai deni!"

Kona ya saba, ya nane. Nozeli ilinong'ona. Injini ilinywa gongo na haikugonga. Kwenye kona ya tisa, palipo na mwinuko wa kumtoa mbuzi jasho, gari lilitetemeka, Wande akafumba jicho moja akingoja kokoto ndani ya kopo. Kokoto hazikuja. Kilichokuja ni sauti ya Lyanga nyuma, pumzi imemkatika, akihesabu mapigo ya mpini kwa sauti kama mtoto wa chekechea: mia mbili na moja, mia mbili na mbili. Holo aliuliza kwa mbali kama wamefika, na Mama Nyanzala akamjibu, "Bado, mwanangu, lakini injini imelewa, haitasimama tena."

Kona ya kumi na mbili ilifunguka, na ardhi ikalala chini sawasawa, na upepo wa juu ukaingia madirishani.

*

Mtoto alitolewa mzima, wa kike, saa nane kasoro. Holo alitiwa damu chupa tatu, na daktari alisema ataishi. Alisema pia kwamba wangechelewa robo saa asingesema hivyo.

Wande aliipokea habari hiyo amekaa kwenye bampa. Lyanga alikuja na karatasi yake. Viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge. Alikaa naye kwenye bampa, jambo ambalo kifungu hakikulitaja.

"Nimejaza yote," alisema. "Namba ya injini. Mlima. Hodi: mbili. Sikio: zima, halijaguswa. Imebaki nafasi moja. *Kilichoongezwa kwenye injini.* Nimefikiri niiache wazi."

"Kwa nini?"

"Ukiacha wazi hakuna kosa. Nitasema gari lilipanda tu. Wewe unabaki na gereji yako, mama yule anabaki na chungu chake. Binti, ninakuokoa."

Wande alivitazama viatu vyake. Ilikuwa njia rahisi, nayo ilikuwa ya kumwokoa kweli. Kisha akawaza mafundi wa wilaya nyingine, wenye mlima wao na nta yao ya nyuki. Kama karatasi itasema gari lilipanda tu, wao wataendelea kuziba masikio. Ule ungekuwa waya wa kijani, umekatwa kwa kalamu.

"Karatasi yako ni chombo, mkaguzi," alisema. "Hakirudi kitupu."

"Watakuja na lakiri."

"Andika maji ya mvua, nusu ya njia. Andika maji ya chumvi yaliziba nozeli, hodi mbili ni za hapo, ili mwenzangu asirudie. Andika kileo cha kuvukizwa, nusu iliyobaki, na aliyekimimina ni mimi. Na andika nani alipampu."

Lyanga aliiweka karatasi gotini. Mlangoni Mama Nyanzala alikuwa akimkabidhi nesi galoni ya pili, nesi akikataa kwa mdomo na kupokea kwa mikono.

Kalamu ilianza kutembea. Wande alisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, mpaka mstari wa mwisho, na jina la Lyanga lilikuwepo.

"Haya," Mkaguzi alisema akikunja karatasi. "Wiki haitaisha hawajafika. Baraza zima, na lakiri yao. Watakufuata Shelui, watasema gari lipandishwe tena huku juu likafungiwe."

Wande aliinuka, akafunga boneti taratibu, kama mtu anayemfunika aliyelala.

"Waje," alisema. "Ila mlima wataupanda na nini?"